Kiraka cha Nyasi Chini ya Dirisha

Mwanangu alizaliwa chumbani, ghorofa ya tatu, Guangzhou, Uchina, Oktoba ya 1998. Alinizalisha Dorothea, binti wa Kichaga aliyekuwa akisomea udaktari kule. Hospitali sikwenda. Viza yangu ilikuwa imekwisha zamani, na tuliogopa wakiiona pasipoti watanifunga, mtoto wamchukue.

Kondo la nyuma alilizika Vuai, mume wangu, ndani ya kitambaa. Kwetu Unguja halitupwi jaani mbwa wakalichezea, na mtaa ule wote saruji. Udongo ulikuwa kwenye bustani ya nyasi tu, chini ya dirisha letu. Lakini Vuai si mkulima. Kwa shimo la kutosha bakuli aling'oa nyasi eneo la ukubwa wa mswala.

"Mlinzi ataona," nikamwambia.

"Nishanunua mbegu. Laoban mwenye duka kanambia hizi ndizo za msimu huu, zinapenda baridi."

"Wewe laoban yeyote akisema unaamini. Ndiyo maana unauziwa mashati yasiyo na vifungo."

Akacheka, akashuka. Alilainisha udongo, akamwaga mbegu, akazifukia kidogo. Kila asubuhi alizinyunyizia maji kabla ya kwenda soko la Shahe kununua nguo za biashara. Mimi nilichungulia nyuma ya pazia, nikimwangalia mlinzi asije. Siku za mwanzo mtoto alilia na majirani walisikia. Baadaye nikajifunza: akikunja uso tu, ziwa mdomoni. Pakawa kimya kabisa.

Nyasi ziliota, laini kama nywele zake. Nikapata usingizi.

Desemba ukaja upepo wa baridi, na bustani nzima ikageuka manjano, maana nyasi zao huko hukauka baridi ikiingia. Zetu zikabaki mbichi. Kiraka kizima kijani, kimelala peke yake katikati ya manjano, na hakuna aliyepita asikione.

Mlinzi alisimama hapo mchana mmoja. Akachuchumaa, akakipima kwa mikono, akainua macho kwenye madirisha. Nikafahamu anachowaza. Kichanga kililia jengoni mle, kikanyamaza, na hakuna aliyekiona kikitolewa nje. Akaondoka, akarudi na polisi na sepetu.

Vuai alikuwa Shahe. Nikikaa kimya, watafukua kitambaa chenye damu, kisha watagonga mlango kwa mlango wakimtafuta mama aliyeua. Nikishuka, watataka karatasi zangu. Sepetu ikaingia ardhini.

Nikamtoa mtoto ziwani. Akalia, na mara hii sikumziba. Nilishuka naye ngazi zote akipiga kelele, milango ikifunguka.

Mlinzi alipotuona akaiachia sepetu. Akacheka kwa nafuu, machozi yakimlengalenga, akamgusa mwanangu shavu kwa kidole chenye udongo. Polisi naye akatabasamu. Kisha akaninyooshea mkono, akasema neno moja ambalo kila mgeni wa mji ule analijua: pasipoti.