Mguu wa Bihogo

Kyarisiima alipiga magoti zizini akipima kibanzi cha mwanzi kwenye mguu wa nyuma wa Bihogo, ndama wake mwekundu. Mfupa ulikuwa umevunjika, lakini ngozi haikuchanika. Aliuzungushia pamba, nyingi zaidi pale vibanzi vilipoishia, akafunga kwa vipande vya shuka kuukuu bila kukaza mno, kisha akagusa kwato kuona kama bado zina joto.

"Mshike vizuri, Baba Ninsiima. Akijitupa tutaanza upya."

Mumewe, Rwakishaya, alimkumbatia ndama shingoni. Alikuwepo wakati Bihogo alipotumbukia kwenye mtaro. Katabarwa, mwenye ranchi, aliuchimba kuikata njia ya zamani ya kwenda lamboni, na ndama wengi wa hapo Nyabushozi walikuwa wameumia humo.

Alasiri alikuja Bashaija, mwenyekiti wa kijiji, kuuliza kilichotokea. Ng'ombe wa Rwakishaya walikuwa wakilishwa kwenye ardhi ya Katabarwa.

"Alipigwa teke na mama yake," Rwakishaya alisema.

Aliposimama kumsindikiza mgeni, mguu wake wa kushoto ulikataa. Kyarisiima aliupapasa. Haukuvunjika wala kuvimba. Alimfunga vibanzi, kwa sababu vilikuwa vimebaki.

Kesho yake jirani yao Kobusingye aliulizwa, akasema hajui habari za mtaro wowote. Akakaa chini palepale akishika goti.

"Karibu chamani," Rwakishaya alimwambia.

Wakafuata wengine. Bashaija mwenyewe alimweleza ofisa wa mifugo kwamba njia ya lamboni haina tatizo, akarudi nyumbani akichechemea. Wote walichechemea mguu wa kushoto. Fundi seremala aliacha kutengeneza vitanda, akachonga fimbo. Kanisani walisogeza mabenchi watu wapate pa kunyoosha miguu. Katabarwa hakuchechemea, maana hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kyarisiima hakutulia. Alikaa asukesuke maziwa kwenye kibuyu, akanyanyuka kabla siagi haijashikana. Alimgeuza ndama alalie ubavu mwingine, akabadilisha nyasi ambazo hazikuwa zimelowa, akaenda mlangoni, akarudi.

"Hebu kaa chini, unanizungusha kichwa," mumewe alisema.

"Mwambie mwenyekiti ulichoona, nitakaa."

"Halafu ng'ombe wale nini? Udongo?"

Kyarisiima alivaa viatu akaenda kwenye mkutano wa kijiji, akasimama kabla hajaitwa.

"Bihogo hakupigwa teke. Alivunjika mguu mtaroni, kama ndama wenu walivyovunjika. Mnajua nyote."

Watu waliangalia fimbo zao. Mtu mmoja alikohoa.

"Tumekusikia, mama," Bashaija alisema. Akamtazama kutoka kiunoni kushuka chini. "Naona wewe mguu wako mzima."

"Mzima."

"Sasa tangu njia ikatwe lambo limekuwa mbali, na sisi hatuwezi kuzunguka. Nani atatuletea maji?"

Mikono yote ilinyooshwa kwa pamoja kumwelekea Kyarisiima, na ule wa Rwakishaya ukiwemo. Wakafunga mkutano kwa sala.

Mfupa wa Bihogo uliungana. Kyarisiima alimfungua vibanzi, akamwacha atembee uani mpaka mguu ulipozoea uzito, kisha akaanza kwenda naye lamboni. Walizunguka ranchi nzima asubuhi, wakazunguka tena jioni, yeye na madumu ya kijiji. Mvua zilikuwa karibu, na Katabarwa alikuwa ameuchimba mtaro ukaenda chini zaidi.

Siku moja Kyarisiima alimwona akisimamia vibarua wake ng'ambo ya pili ya mtaro.

"Mama Ninsiima!" Katabarwa aliita kwa furaha. "Ndama wako amepona kabisa!"

"Amepona," alisema.

Akahamishia dumu mkono wa pili wala hakusimama, maana kwa Kobusingye walikuwa hawajanywa maji tangu jana.