Sauti ya Jumatatu

Khairat Mrisho alikuwa na sauti tulivu, na sauti hiyo ndiyo iliyompatia kazi. Chuo kimoja cha Dodoma kilikuwa kikifanya utafiti: je, mkulima anaweza kufundishwa kupanga fedha zake kwa simu tu, bila darasa wala kitabu? Kila Jumatatu asubuhi simu mia mbili ziliita huko Bahi. Aliyepokea alimsikia Khairat, aliyekwisha kurekodiwa, akieleza jambo moja dogo, kama vile kutenga fedha za mbegu kabla ya kula mavuno. Mwishoni aliuliza swali, mlio ukasikika, msikilizaji akajibu kwa mdomo wake.

Kazi yake ya pili ilikuwa kuyasikiliza majibu na kuyageuza kuwa namba. Aliyeweka akiba, moja. Asiyeweka, mbili. Asiyeeleweka, tisa. Aliifanya peke yake, hedifoni masikioni, katika chumba alichopanga mtaa wa Majengo, juu ya maduka ya nafaka. Mama yake alikuwa amefariki mwaka uliopita. Siku nyingine jua lilizama hajasikia mtu akimwita jina.

Wiki ya kwanza, mshiriki namba 117 alijibu, "Nimeweka." Wiki ya tatu: "Nimeweka kidogo. Mvua imekata." Wiki ya sita aliongea dakika nne nzima. Alisema mwanawe Ernest alikwenda machimboni na hajapiga simu tangu Pasaka. Alisema bado anapika ugali wa watu wawili, mkono umezoea, na unaobaki anawapa kuku. Kisha akasema, "Haya mwanangu, tutaongea Jumatatu."

Khairat akaandika moja. Hayo mengine hayakuwa na namba.

Akaanza kuingoja Jumatatu. Faili ya 117 aliiweka mwisho, baada ya zote, aisikilize akinywa chai. Mara nyingine alijikuta akiitikia, "Ehe, mama," chumbani kwake.

Wiki ya kumi na mbili lilikuja swali la mwisho: ukipatwa na dharura, utamwendea nani? Namba 117 alijibu, "Ningekuja kwako, lakini sijui unakaa wapi."

Mradi ulipofungwa, Dokta Zablon, aliyeuongoza, aliagiza kila mshiriki apelekewe kanga ya shukrani. Khairat aliomba apewe kijiji cha 117. Bodaboda ilimshusha mbele ya mama mrefu aliyekuwa akianika mpunga juu ya turubai. Jina lake lilikuwa Penina Matonya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Penina akasimamisha mikono. "Hee! Wewe si yule wa Jumatatu?"

Wakacheka wote. Khairat akaletewa kigoda na kikombe cha togwa. Alijisikia amefika kwao, na kwa furaha hiyo akauliza, "Na Ernest, ameshapiga?"

Kicheko cha Penina kikaisha.

"Ernest umemjulia wapi?"

"Ulisema, mama. Kwenye simu."

"Nilijua mashine inachukua jibu. Waliokuja kutuandikisha walisema jibu. Yale mengine nilikuwa naongea tu, kama mtu anavyoongea na jembe lake shambani." Akatazama upande wa nyumba ya jirani. "Nani mwingine amesikia?"

"Mimi tu."

Khairat aliikumbuka fomu ya ridhaa ya kurekodiwa, ile ambayo Penina aliitia sahihi ya dole gumba, akaona aibu kuitaja.

"Nilikuwa nakusubiri kila wiki, mama," alisema. "Sikuwa na mtu mwingine wa kumsikiliza."

"Wewe ulinisikia. Mimi hujaniambia lako hata moja."

Wiki kumi na mbili Khairat alikuwa amesoma maneno yaliyoandikwa na wengine. "Mama yangu alifariki mwaka jana," akasema.

"Pole, mwanangu."

Penina aliugeuza mpunga kwa mguu, mstari hadi mstari. Kanga aliipokea kwa mikono miwili, akamsindikiza hadi barabarani, akasimama mbali kidogo naye mpaka bodaboda ilipokuja.

"Yafute," alisema. "Majibu yenu bakini nayo. Yangu yafute."

Dokta Zablon hakuwa na pingamizi. "Hata hivyo hayakuwa data," alisema, macho yakiwa kwenye ripoti yake iliyoonyesha kwamba ustawi wa washiriki umepanda.

Khairat alifuta Alhamisi nzima, faili za Penina moja baada ya nyingine, akibakiza "nimeweka" na "sijaweka". Jibu la wiki ya mwisho alilisikiliza mara moja zaidi, akalifuta nalo. Alipomaliza, maneno yote ya Penina yaliyobaki yalikuwa sekunde thelathini na nane. Akavua hedifoni. Chini wauza nafaka walikuwa wakiitana kwa majina, wakifunga maduka.