Taa ya Merle Kwenye Kona

Merle Teachout tulimzika Novemba, ardhi ikiwa haijaganda na bado inachimbika, na kufikia Februari kitu pekee alichotuachia cha kugombania kilikuwa taa yake ya buluu. Si shamba, maana shamba ni la Verna mkewe na hawakujaliwa mtoto. Taa tu, kidude kisichozidi ukubwa wa kiatu, kimekazwa kwa skrubu mbili juu ya dashibodi ya pikapu yake nyekundu.

"Irudishwe," alisema mkuu wetu wa zimamoto, Dwayne Ostrander. "Taa ni ya mwanachama mwenye kibali changu. Merle hayupo, kibali hakipo."

Alimwambia Verna mara ya kwanza kwa upole, baada ya ibada. Mara ya pili kwa simu. Mara ya tatu akanituma mimi, eti kwa kuwa wanawake husikilizana. Hivi hawa wanaume nani kawaroga? Nilikwenda, nikapewa keki ya tufaha, nikaambiwa nimwambie Dwayne kwamba akiitaka aje aing'oe mwenyewe, na ayaage meno yake kabla hajatoka nyumbani. Ndivyo Verna alivyo, hamwogopi mtu.

Dwayne akampa mpaka Jumapili.

Sisi ni zimamoto wa kujitolea, hakuna anayelipwa hata senti. Mimi naendesha basi la shule, Kip Vrooman anakamua ng'ombe, Dwayne anauza matairi. Moto ukitokea, redio ya kiunoni inalia, na kila mtu anarukia gari lake mwenyewe, anawasha taa ya buluu na kukimbilia kituoni. Na msidhani taa hiyo inamlazimisha mtu. Nyekundu ya polisi ni amri, buluu yetu ni ombi. Asiyetaka kukupisha hakupishi, na huna la kumfanya. Lakini kwetu huku watu wanapisha, kwa sababu kila mmoja ana bomba la moshi na hajui litamgeuka siku gani.

Ijumaa ile nilikuwa natoka dukani, jioni, theluji imegandamana pande zote mbili za barabara. Kwenye kioo nikaona buluu. Nikasogea pembeni kama kawaida, na pikapu nyekundu ikanipita. Wee! Nilisema Merle kafufuka. Halafu nikaiona ile kofia ya sufu ya zambarau, nikajua ni Verna.

Redio yangu ilikuwa kimya. Ila kwenye mabonde yetu redio huzimika wakati wowote inaotaka, basi nikafikiri mimi ndiye niliyekosa habari. Anaelekea kwake, nikajisemea. Nyumba yake inaungua! Nikawasha taa yangu, nikamfuata. Kip alikuwa anatoka bandani, viatu vimejaa mavi ya ng'ombe, akaona buluu mbili zinakatiza, naye huyo akawasha akatufuata. Dwayne akaona tatu zikipita mbele ya duka lake. Hebu fikirieni mkuu wa zimamoto akiona kikosi chake kinakwenda motoni bila yeye.

Verna hakufika nyumbani. Alisimama kwenye kona ya juu, pale barabara inapoanza kuteremka na unaiona nyumba yake yote pale chini. Tukasimama nyuma yake, mmoja mmoja. Nilitazama paa, nikatazama banda. Hapakuwa na moshi, achilia mbali moto.

Dwayne akaruka nje, koti kavaa mkono mmoja. "Moto uko wapi?"

Verna akashusha kioo. "Moto gani?"

"Moto gani? Verna! Si umewasha taa!"

"Nimewasha. Nani kawaambia mnifuate? Nyie vifaranga vya bata?"

"Mimi nilimfuata Bev," Kip akasema, akininyooshea kidole.

"Na mimi nilimfuata Kip," Dwayne akasema, na alipojisikia alivyosema akazidi kuwaka. "Nimeacha gari la mteja juu ya jeki! Unajua ukikutwa na polisi, ni kikosi kizima kinaaibika? Basi, yamekwisha. Skrubu hizo zitoke leo hii."

Kip alikuwa anajiziba mdomo asicheke. Mimi nami nilikuwa karibu kucheka, mpaka nilipomwangalia Verna. Alikuwa hatutazami. Alikuwa anatazama kule chini.

"Merle akirudi kutoka motoni," akasema, "akifika hapa alikuwa anaiwasha. Mara moja tu, halafu anazima."

"Hairuhusiwi," Dwayne akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Najua hairuhusiwi, nilimwambia miaka yote. Kwa taa hiyo alikuwa ananiambia mimi mzima, weka kahawa. Nami niko pale jikoni, naona buluu kwenye ukuta wa banda, naweka kahawa." Akavuta pumzi. "Sasa nimekaa peke yangu humo ndani nikiwaza. Mimi nilikuwa naiona taa yake. Yeye alikuwa anaona nini? Nikasema kabla hamjaichukua, acha na mimi nikaone alichokuwa anakiona."

"Umekiona?" Kip akauliza. Kijana ana moyo safi, ila mdomo wake hauna breki.

"Giza," Verna akasema. "Mwenye kuwasha taa ya jikoni ni mimi, na mimi niko huku."

Taa zetu zilikuwa bado zinamulika pale kwenye theluji, na mimi nikaona aibu, nikaenda kuizima yangu. Kip akafuata, kisha Dwayne.

Verna akatoa bisibisi kwenye kidroo cha gari, akafungua skrubu mwenyewe, akamkabidhi Dwayne ile taa na nyaya zake zikining'inia.

"Nilikupa mpaka Jumapili," Dwayne akasema. "Kaa nayo mpaka Jumapili, Verna, haina neno."

"Ondoka nayo, Dwayne, kabla sijageuza nia."

Akateremka nyumbani. Tulisubiri mpaka taa ya jikoni ikawaka, ndipo tukatawanyika.

Ingeishia hapo ningekuwa na amani. Lakini Aprili kukawa na moto wa nyasi upande ule, tukauzima, na magharibi nikawa narudi peke yangu, nanuka moshi hadi kwenye kope. Nilipofika kwenye kona nikamkumbuka. Nikawasha taa yangu, mara moja, nikazima. Kule chini nikaona pazia la jikoni limefunguka na taa imewaka. Nililia kwa furaha, haki ya Mungu. Nikapitiliza kwangu, nikalala nikijiona mtu mwema kuliko wote wilayani.

Kesho yake Verna alinishika mkono dukani, mbele ya maziwa.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Usirudie."

"Verna, nilitaka tu ujue kwamba..."

"Najua ulichotaka. Niliinuka, Bev. Niliweka kahawa, nikatoa vikombe viwili, na kile chake kilichokatika mkono. Nikasimama mlangoni nasikiliza mlango wa pikapu ufungwe. Kahawa ilichemka mpaka ikamwagikia jiko, ndipo nikakumbuka." Akaniachia mkono. "Ukitaka kahawa njoo ubishe hodi kama watu. Taa usiniwashie."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilijitia kumtandikia. Niliona haya hata nikasahau maziwa niliyoyafuata.

Siku hizi nabisha hodi. Si kila wiki, nikisema kila wiki nitakuwa mwongo, lakini nikitoka motoni upande ule huwa simpiti. Kwenye kona naweka mikono yote miwili kwenye usukani, nateremka taratibu mpaka uani, nafunga mlango wa gari langu polepole ili asiusikie.

"Nani?" huuliza kutoka ndani.

"Ni Bev tu," huwa najibu, naye hukawia kidogo kabla hajafungua.