Makala ya Nyuki

Mwaka ule nilipokuwa darasa la kumi na moja, Mama alinilipia utafiti wa nyuki. Mshauri wetu, Bi Corinne, aliyeishi kwa kuwaandaa watoto wa mji wetu, Edison, kuingia vyuo vikuu vinavyokubali wachache, alikuwa ameipitia orodha ya shughuli zangu: fidla, midahalo, safari ya Peru kupaka shule rangi.

“Haya wanayo wote,” alimwambia Mama mbele yangu. “Hetvi wako anahitaji utafiti.”

Basi kila Jumamosi nikawa nakaa mbele ya kompyuta na kijana mmoja msomi, Dokta Lindqvist. Yeye aliandika, mimi nikabadilisha maneno mawili matatu. Makala ikachapishwa, jina langu likitangulia. Mzinga wenyewe sikuwahi kuusogelea.

Jumapili niliwajazia watu mafuta kwenye kituo cha mjomba Jignesh na kufuta vioo vya magari. Bi Corinne aliiondoa kazi hiyo kwenye fomu yangu ya kuomba chuo. “Haina uzito.”

Januari ya darasa la kumi na mbili nikahojiwa maktabani na Bwana Ostrander, mzee aliyesoma zamani chuo nilichoomba, aliyewahoji waombaji kwa niaba yake. Kumbe anafuga nyuki.

“Enhe, binti. Wamekuuma mara ngapi?”

Kudanganya nilikuwa nimefundishwa. Sijui kwa nini sikudanganya.

“Hawajaniuma. Sijawahi hata kuwakaribia. Makala aliandika mtu tuliyemlipa.”

Hakukasirika. Alichukua kalamu. “Nitaliandika hilo.”

“Andika tu.”

Garini Mama akauliza, “Aliulizia nyuki?”

“Aliulizia.”

“Si nilikwambia mie!”

Machi jibu likaja: nimekubaliwa. Mama alipiga yowe, akaanza kuwapigia simu ndugu zetu waliobaki Ahmedabad mmoja mmoja. Baba akanilisha kipande cha peda, kile kitamu cha maziwa cha sherehe zetu. Nilitafuna. Kilikuwa kitamu, nadhani.

Nikaingia chumbani, nikampigia Bwana Ostrander.

“Niliandika yote,” alisema. “Neno kwa neno.” Kisha akaongeza, “Hongera, binti.”

Kwa hiyo chuoni walijua, na bado wakanichukua. Nikaitafuta aibu, sikuiona. Nikaitafuta furaha, nayo vilevile; ndani nilikuwa kama ufizi uliochomwa sindano ya ganzi.

Mama akachungulia mlangoni. “Mbona umenuna? Wenzio wanalia kwa kukosa.”

“Nimefurahi, Mama.”

“Basi cheka, nakupiga picha.”

Nikacheka. Picha ilitoka vizuri. Bi Corinne ameibandika ofisini kwake, kwenye ukuta wa waliofaulu, safu ya pili.