Mtunza Taa Ambaye Hakuwahi Kuoa

Mzee mmoja aliyetunza taa ya mnara wa rasini kwa miaka ishirini na mitatu alirudi huko na mkewe, safari hii kama wageni, baada ya kusikia kuwa mnara umefanywa makumbusho. Mlangoni waliambiwa wasiguse kitu. Mzee akaweka mikono mfukoni, ingawa bawaba za mlango ule alizipigilia mwenyewe.

Mwongoza wageni, binti mchangamfu aliyevaa fulana yenye picha ya mnara, aliwatahadharisha kuwa kuna ngazi mia moja arobaini na mbili. Mama, mke wa mzee, akasema ni mia moja arobaini na tatu, ila ya kwanza imefukiwa kwa saruji. Binti akacheka kwa adabu na kutangulia.

Juu kabisa, kando ya kioo kikubwa cha taa, palitundikwa ubao wa maelezo. Binti aliyajua kwa moyo. Mwaka wa dhoruba kubwa, alieleza, mtambo wa kuizungusha taa uliharibika, na mtunza taa akaizungusha kwa mkono siku tatu mfululizo, peke yake. Meli mbili zikaokoka. Shujaa huyo hakuwahi kuoa. Mke wake alikuwa kazi yake. Na alifia humuhumu mnarani.

Mzee alisikia masikio yanawaka. Siku zile tatu yeye alikuwa kitandani, shavu limeumuka kwa jino bovu, analia kama mtoto. Aliyepanda na kuizungusha taa mpaka viganja vikachubuka, na mimba ya miezi saba tumboni, alikuwa mkewe. Kisha mzee akaketi kuwaandikia wakubwa taarifa, akaandika kwamba mtunza taa alikesha kazini. Mkewe hakuwahi kumuuliza aliandika nini, naye hakuwahi kumwambia.

"Binti," akasema, "huyo mtunza taa ni mimi. Na siku zile sikupanda. Alipanda huyu mke wangu."

Binti alimtazama kwa huruma ya kweli. "Mzee wangu, mwaka huu wewe ni wa tatu kudai hivyo. Wa kwanza alikuja na medali kabisa."

Mzee akajipapasa mifuko akitafuta lolote la kumthibitisha, asipate ila miwani na leso. Akamgeukia mkewe, akamwomba aseme neno.

Mama alikuwa bado anausoma ubao, kidole kikifuata mistari. Alipomaliza alisema wamwache mtoto wa watu afanye kazi yake. Kisha akamsogelea mumewe.

"Miaka thelathini na minane nakungoja ulitamke hilo," alimwambia kwa sauti ya chini. "Huyu hakuamini. Mimi nimekusikia, inatosha."

Wageni wengine walikuwa wamefika, wakiwaomba wasogee kidogo wapate kuupiga picha ubao. Wakasogea.

Wakati wa kushuka magoti ya mzee yaligoma. Mama akatangulia, mkono wa mumewe begani mwake, wakateremka taratibu. Binti aliwafuata, akistaajabia nguvu za mama, akamuuliza kama zamani alikuwa akifanya kazi ya sulubu.

Mama akajibu kuwa hapana, alikuwa mama wa nyumbani tu.

Mzee alitaka kumsahihisha, lakini pumzi aliyobaki nayo ilikuwa ya ngazi peke yake.