Nani Ameonja?

Mpishi hula mwisho. Nilifundishwa hivyo nikiwa msichana, na kwa miaka ishirini na tisa niliyopika katika jiko la shule sikuwahi kulivunja agizo hilo. Kwanza watoto, kisha walimu, kisha wenzangu wa jikoni, halafu mimi na ukoko wangu. Nilizoea mpaka nikaupenda ukoko kuliko wali wenyewe.

Lakini tulikuwa na mwenzetu ambaye kazi yake ilikuwa kula kwanza.

Ilikuwa sheria ya shule. Kabla ya sahani ya kwanza kupakuliwa, mpishi mmoja ale, tusubiri nusu saa. Akibaki mzima, kengele inagongwa, watoto wanakuja mbio. Yeye alijitolea siku ya kwanza kabisa. "Mimi sina mume wa kunililia," alisema, "nipeni mimi." Tukamwita Muonjaji, na jina likamganda mpaka mwalimu mkuu akasahau lile alilopewa na wazazi wake.

Anakula, anajifuta mdomo kwa pembe ya kanga, anakaa juu ya gunia la mchele chini ya saa ya ukutani. Sisi watatu tunamzunguka: mimi wa sufuria, Mama Kuni, mkubwa wa moto, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na Miwani, aliyechagua mchele punje moja moja kama anayetafuta hereni iliyopotea. Ili muda usituchoshe, Muonjaji alitutegea vitendawili. Dakika zikiisha, Mama Kuni anamuuliza, "Unajisikiaje, shoga?" Naye anajibu, "Bado nipo." Ndipo kengele inagongwa.

Hebu fikiria. Kila siku ya shule, miaka ishirini na tisa, nilikaa nusu saa nikimtazama rafiki yangu kama atakufa, huku nimekufa mimi kwa kicheko.

Tulipostaafu, Muonjaji akahamia kwa binti yake, mwisho kabisa wa nchi, safari ya siku mbili kwa gari. Tulisalimiana kwa simu. Mwaka huu koo lake likaanza kufunga. Mara nyama haipiti, mara wali haupiti, mwishowe hata uji ukawa unapita kwa kubembelezwa. Siku moja binti yake akanipigia. "Mama anawataka, nyote watatu. Nawaomba msichelewe."

Kisha akampa mama yake simu.

"Kitendawili," ilisema sauti, nyembamba kama karatasi.

"Tega."

"Ndugu wanne wamefunga safari. Wa nyuma hawawapati wa mbele, na hakuna anayefika peke yake."

Nilifikiri. Nikafikiri tena. "Nimeshindwa, shoga. Nikupe mji."

"Miji ya mdomoni nimeshachoka nayo," alisema. "Jibu mniletee wenyewe, kwa miguu yenu."

Basi tukajiandaa. Mwana wa Mama Kuni ni fundi wa makochi, ana kigari cha kubebea kazi zake. Kwa kuwa nyuma hakukuwa na viti, akatufungia kochi la watu watatu kwa kamba, la kitambaa chekundu, ambalo mteja alikuwa hajalifuata. "Mkilichafua nitamwambia nini mwenyewe?" alisema. Mama yake akamjibu, "Mwambie limekaliwa na malkia watatu, aongeze bei."

Jioni ya kuamkia safari nikapika wali na kuku. Nikaupakia ukiwa wa moto, mvuke unafuka, nikafunika kwa nguvu, nikaizungushia sufuria blanketi. Shuleni ndivyo tulivyofanya ili chakula kisipoe. Lakini shuleni sufuria ilikaa hivyo muda wa kuonja tu, haikulala usiku kucha na kushinda nusu ya siku iliyofuata. Nililijua hilo. Mikono ikafanya ilichozoea, na kichwa kilikuwa kimeshatangulia kwa mgonjwa.

Asubuhi barabara ilikuwa nyeupe kwa jua. Tulikaa juu ya kochi letu tukitikiswa kama dengu kwenye ungo, tukihangaika na kitendawili.

"Miguu ya punda," alisema Miwani.

"Punda akilala hapo njiani?" aliuliza Mama Kuni.

"Basi miguu ya punda asiyelala."

"Huyo punda utakuwa ni wewe. Tangu tutoke hujafumba mdomo."

Mchana tukasimama kando ya barabara. Nikafunua sufuria, wali bado una joto, nikajisifu moyoni. Fundi alikataa. "Nikila wali, mama mkubwa, usukani unanilaza. Nina mkate wangu." Nikawapakulia wenzangu. Miwani akaweka kijiko chini, akaonja hewani kwa ulimi.

"Kama una uchachu."

"Ni ndimu," nikasema. "Nimetia ndimu."

Kweli nilitia ndimu. Basi akala. Mama Kuni akala mara mbili, akakwangua mpaka sufuria ikalia. "Mpishi, tumekumaliza. Hata ukoko hakuna." Nikacheka, nikala ndizi. Mpishi hula mwisho, na siku hiyo mwisho haukuwa na kitu.

Jua halijaanza kushuka Miwani akamgongea fundi kioo. Alishuka, akainama kando ya gari, na alipoinuka uso wake ulikuwa rangi ya majivu. Hatujafika mbali, Mama Kuni naye. Sauti ile ya kuamsha mtaa ikawa ya kuomba maji. Tulisimama sijui mara ngapi. Kochi la watu tukalitandika kanga, wakalala kichwa kwa miguu, mimi nimepiga magoti sakafuni nimeshika ndoo.

Tukapata zahanati ndogo, vitanda vitatu, kuta zilizopakwa kijani hadi kiunoni na chokaa juu. Dripu zilitundikwa kwenye misumari. Nesi, msichana mwenye mikono myepesi, akauliza, "Wamekula nini?"

"Maji," alisema Mama Kuni haraka, ingawa nguvu hakuwa nayo. "Tulikunywa maji ya kisima huko njiani."

"Kisima kibaya," alisema Miwani, macho yamefumba.

Hatukupita kisima chochote. Watu wawili wanatapika roho zao, na bado wamepata nafasi ya kunisitiri. Hapo ndipo machozi yalipanda.

"Ni wali wangu, binti," nilimwambia nesi. "Niliupika jana jioni, nikaufunika wa moto, wakaula leo mchana."

Hakunigombeza. Aliandika, akasema, "Wazee hukauka upesi. Hawa hawatoki hapa leo, na huyu mwenye miwani sitaki aachwe peke yake."

Simu ikalia. Binti wa Muonjaji. "Mko wapi? Anawauliza kila saa. Daktari anasema ni leo au kesho."

Fundi alikuwa mlangoni, amesikia. Akanivuta kando. "Mama mkubwa, tukiondoka sasa hivi, kesho asubuhi umeshafika. Nikikufikisha nageuza, nawarudia hawa. Angalau mmoja wenu amuone."

Mama Kuni akasema, "Nenda. Ukifika wewe tumefika sote." Lakini mkono wake ulikuwa umeshika pindo la kanga yangu na haukuachia. Nadhani mwenyewe hakujua. Nilimtazama Miwani. Nilimwita, akanijibu kwa jina la dada yake aliyekufa zamani.

Nikatoka uani. Nikasimama karibu na gari, nikampigia binti, nikamwomba amwekee mama yake simu sikioni.

"Shoga," nikasema.

"Bado nipo."

"Tumekwama. Wenzangu wameugua njiani. Wamekula…"

Nilisikia pumzi yake ikikwaruza. Kisha akauliza, polepole, "Nani ameonja?"

Miaka yote ile sikuwahi kuulizwa swali hilo, kwa sababu jibu lilikuwa yeye. Nikasema, "Hakuna. Muonjaji hakuwapo."

Nilisikia kitu kama kikohozi. Alikuwa anacheka. Mtu ambaye maji yenyewe hayapiti kooni anacheka! "Mnaona sasa," alisema. "Mlidhani nakula bure."

"Nije? Mwanetu yuko tayari na gari. Nije peke yangu?"

Nami nikaomba Mungu aseme njoo, nikaomba vilevile asiseme.

"Kaa nao," alisema. "Nusu saa haijaisha."

Nikakaa. Nesi aliniletea kiti cha plastiki, nikakiweka katikati ya vitanda viwili, mkono huu kwa huyu na mkono ule kwa yule. Nilihesabu matone ya dripu. Kulikucha, Miwani akafumbua macho, akanitazama sana, akasema, "Ndimu, eh?" Nikajua amerudi. Nilimbusu paji la uso, chumvi tupu.

Nikatoka kunawa. Fundi alikuwa amechuchumaa anapima upepo wa tairi kwa kuzigonga, moja, mbili, tatu, nne. Nikasimama na maji yakinitiririka mikononi. Ndugu wanne. Safari nzima tulikuwa tumekaa juu ya jibu. Nikacheka peke yangu kama kichaa, nikachukua simu nimwambie, kisha nikairudisha mfukoni. Nikasema hapana, hili nitamwambia ana kwa ana, nimwone uso wake. Wagonjwa wamepata nafuu, kesho tunaondoka.

Saa nne asubuhi hiyo binti yake akapiga. Alilia tu, nami sikumwuliza.

Tulifika baada ya maziko. Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu na ua wa saruji, mkeka umetandikwa, viatu vimejaa mlangoni. Kitanda chake kilikuwa kimeshakunjwa godoro. Juu ya mto wake palikuwa na leso aliyojifutia mdomo. Binti alitukumbatia mmoja mmoja, na alipofika kwangu akasema, "Mama alisema wewe usijilaumu. Alisema nikwambie wali wako haukuwa na kosa isipokuwa haraka."

Uani majirani walikuwa wamepika sufuria kubwa ya wali. Binti akaniomba, "Mama, wewe ndiye mpishi wake. Tusaidie kupakua, watu wana njaa."

Nikafunua. Nikachukua sahani, nikajitilia, nikakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, nikala. Mimi, wa kwanza, mbele ya wafiwa, mbele ya wazee na watoto. Shangazi mmoja akanong'ona kwa nguvu, "Njaa ya safari mbaya, jamani, hata haya inaondoka."

Mama Kuni, miguu bado inamtetemeka, akasimama mbele ya sufuria. "Hakuna anayegusa hapa mpaka nusu saa iishe."

"Nusu saa ya nini?"

"Muulizeni marehemu."

Wenzangu wakaja wakakaa, huyu kulia, huyu kushoto, kwenye saruji. Ukutani hakukuwa na saa, Miwani akashika simu yake karibu na macho, akitazama dakika zinavyobadilika. Baada ya muda akasema, "Na kile kitendawili?"

"Tairi za gari."

"Ulijua lini?"

"Ile asubuhi kabla hajafa. Kulikuwa na muda."

"Na hukumwambia?"

"Nilitaka nimwone uso."

Hakunilaumu. Alivua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa, akaivua tena. Watoto wa nyumba walikuwa wamekaa wamekumbatia sahani tupu, wakituangalia vibibi vitatu. Wali ulikuwa umekosa chumvi kidogo. Yeye angeligundua hilo kwenye kijiko cha kwanza.

"Imetimia," alisema Miwani.

Mama Kuni hakunitazama. Aliitazama sufuria. "Unajisikiaje, shoga?"

Waliningojea, wote wawili, kama tulivyokuwa tukimngojea yeye.

"Bado nipo," nikasema.

Mama Kuni akachukua upawa, akaanza kupakulia watoto.