Marehemu Asiye na Protini

Jumanne saa nne asubuhi fundi wa maabara alikuwa akisuuza vioo vya hadubini. Alikuwa anaipima kingamwili, dawa ya kupimia ambayo hospitali imeitumia miaka mitatu bila mtu kuijaribu. Kazi yake ni moja: ikiikuta protini fulani kwenye figo, inaganda hapo na panageuka kahawia; isipoikuta, panabaki vilevile. Kioo cha mwisho kilibeba kipande cha figo ya mshona nguo, marehemu aliyezaliwa bila protini hiyo. Nacho kikageuka kahawia.

Baada ya robo saa mshona nguo akabisha hodi. Mlinzi alishamwandikisha, penye "unakotoka" palisomeka "kaburini".

"Binti, nasikia mnanisingizia," alisema, akivuta stuli. "Hiyo protini sikuwa nayo nikiwa hai, nitaitoa wapi leo?"

"Shikamoo, baba. Kweli, dawa yetu ndiyo inayosema uongo."

Wakaenda kwa profesa, ambaye makala zake tisa ziliitegemea kingamwili hiyo. Akampa marehemu kiti, akakitazama kioo kwa muda mrefu.

"Mzee, usinielewe vibaya," alisema. "Wewe si kipimo kizuri. Fundi, tafuta marehemu mwingine."

Kufikia Ijumaa walikuwa wameshakuja wanne, wote na lalamiko lilelile. Walikaa kwenye benchi la ukumbini, na mfagizi akawaomba wainue miguu. Profesa aliwakataa wote. Wa mwisho kwa sababu alichelewa.

Alasiri fundi akapanda wodini kwa kaka yake, aliyekuwa akichomwa sindano kila wiki kwa sababu figo yake ilionyesha kahawia kwenye kipimo hicho. Nywele zilikuwa zimemwisha, sasa kucha zilianza kumtoka.

"Kaka, ile rangi haina maana. Nimeidondoshea hata meza ya maabara ile dawa, ikawa kahawia."

"Meza?"

"Meza."

"Maskini. Na wameshaiambia?"

Muuguzi aliingia na sindano. Fundi akamweleza yote, taratibu, tangu mwanzo. Muuguzi alisikiliza vizuri, kisha akasoma kadi. "Hapa wameandika kahawia, dada yangu." Kaka akakunja mkono wa shati.

Jumatatu wahudumu wawili waliipandisha ile meza wodini, wakailaza kitanda cha jirani na kuifunika shuka hadi kwenye droo. Muuguzi aliutafuta mshipa kwa muda, akaupata mguuni.